Saitokini kwenye homa ya ini B sugu na iliyojificha: tupime nini, na sampuli tuzitunzeje?

PipetiMoshi aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mnaofanya kazi za ini, kinga ya mwili na maabara ya molekuli.

Hapa Moshi tunaandaa pendekezo la utafiti wa kulinganisha saitokini (protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari) kwa makundi matatu: wenye homa ya ini B sugu, wenye homa ya ini B iliyojificha (kirusi kipo, ila kipimo cha kawaida hakikioni), na wasio na maambukizi. Watu 40 kila kundi. Kundi sugu tutalipata kwa wachangia damu waliokutwa na HBsAg (antijeni ya ganda la nje la kirusi), na kundi la waliojificha kwa wachangia damu wenye HBsAg hasi na anti-HBc (kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi) chanya. Tutapima IFN-γ, TNF-α, IL-6, IL-10 na TGF-β kwa ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani ya visima), kwenye seramu (majimaji ya damu iliyoganda). Damu itachukuliwa Moshi mjini, Hai na Arusha, upimaji wote utafanyika Moshi.

Ninayotaka kujua: tutegemee tofauti gani kati ya makundi, na kwa nini? Je, anti-HBc chanya inatosha kumwita mtu "aliyejificha"? Sampuli ya Arusha isafiri vipi? Na kuna matumaini kwamba saitokini moja itaweza kutumika kuwachuja wachangia damu badala ya PCR (kipimo kinachotafuta DNA ya kirusi)?

---

Seli_T alijibu:

Dada, nianze na biolojia, kwa sababu ndiyo itakayokuambia namba zako zina maana gani.

Kirusi cha homa ya ini B hakiui seli ya ini kwa mkono wake. Kinaingia kupitia mlango uitwao NTCP (uligunduliwa 2012), kinapeleka DNA yake kwenye kiini cha seli, na humo DNA inajifunga kuwa duara, cccDNA. Duara hilo ndilo mzizi. Tenofovir, dawa ya kirusi hiki, inakata matawi, mzizi inauacha palepale. Ini linaumia pale seli za kinga zinapozivamia seli zilizoambukizwa.

Ila kuua si njia pekee ya kinga. Seli T na seli NK (seli za kinga zinazovamia seli zilizoambukizwa) zinapomwaga IFN-γ na TNF-α ndani ya ini, seli ya ini inaweza kuacha kutengeneza virusi bila kufa. Kazi ya kundi la Francis Chisari kwa sokwe walioambukizwa, iliyochapishwa 1999, ilionyesha sehemu kubwa ya DNA ya kirusi ikitoweka kwenye ini na kwenye damu kabla seli T hazijafurika na kabla ini halijaharibika sana. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba IFN-α, au kuamshwa kwa kipokezi cha limfotoksini beta, kunaweza kuvunja hata sehemu ya cccDNA yenyewe kupitia vimeng'enya vya APOBEC3. Hiyo ilikuwa kwenye seli za ini zilizokuzwa maabara, si kwa mgonjwa.

Sasa makundi yako. Kwenye homa ya ini B iliyojificha, duara lipo lakini limekandamizwa. Kinga ni mmoja wa wakandamizaji, pamoja na namna duara lenyewe linavyofungwa na protini za kiini. Seli T za watu hawa mara nyingi bado zinamtambua adui na kutoa IFN-γ zikichokozwa. Kwa mwenye ugonjwa sugu, seli T zimechoka: zimejaa PD-1 (breki ya seli T) na zinatoa IFN-γ kidogo, huku IL-10 na TGF-β ndani ya ini zikizidi kuzituliza. Ndiyo maana umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa hivi: takribani 90% ya wanaoambukizwa wakiwa wachanga wanabaki na ugonjwa sugu, watu wazima ni chini ya 5%.

Usitarajie kuona picha hiyo kwenye seramu moja kwa moja. Saitokini ni tarishi wa mtaani, hasafiri mkoa. IFN-γ inafanya kazi pale seli T ilipogusana na seli ya ini. Kinachofika kwenye mshipa wa mkono ni mabaki. TNF-α ndiyo kabisa, inadumu kwenye damu kwa dakika chache na inanaswa na vipokezi vinavyoelea. Jiandae kuona watu wengi, pengine wengi kuliko waliosomeka, wakiwa chini ya kiwango cha chini ambacho ELISA yako inaweza kusoma.

IL-6 nayo ina sura mbili. Inapunguza NTCP, hivyo virusi vinakosa mlango, na inapunguza usomaji wa cccDNA. Lakini IL-6 ya juu kwenye damu huandamana pia na ini lililokakamaa na saratani ya ini. Ukiandika "IL-6 ilipanda" bila kusema ni ini la hali gani, hujasema kitu.

Jambo la mwisho upande wangu: usiweke wagonjwa sugu wote kapu moja. Mtu mwenye HBeAg (antijeni inayoonyesha kirusi kinajizalisha sana) chanya, DNA ya mamilioni na ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia) tulivu, na mtu mwenye HBeAg hasi, DNA 50,000 na ALT 120, wote ni sugu, ila ini zao haziko katika hali moja. Pima HBeAg, DNA na ALT kwa kila mmoja, kisha chagua awamu moja ya kulinganisha. Na kama bajeti inaruhusu kubadilishana, toa TNF-α uweke CXCL10 (protini inayoita seli za kinga kwenye uvimbe). Hiyo husomeka kwa watu wengi zaidi na inafuata uvimbe wa ini vizuri.

---

MaabaraTengeru alijibu:

Mkuu hapo juu amemaliza upande wa kinga. Mimi nashughulika na neno "iliyojificha", maana hapo ndipo utafiti huu unaweza kuharibika kabla hata pipeti haijashikwa.

Anti-HBc chanya inasema mtu huyu aliwahi kukutana na kirusi. Haisemi kirusi bado kinajizalisha. Homa ya ini B iliyojificha ni DNA ya kirusi yenye uwezo wa kuzaliana ndani ya ini, HBsAg ikiwa hasi; ikionekana kwenye damu, kwa kawaida ni chini ya 200 IU kwa mL. Kwa kuwa hamtachukua kinyama cha ini, kundi lenu lazima liitwe kwa jina lake halisi: HBsAg hasi yenye DNA kwenye plazima (majimaji ya damu isiyoganda). Wenye anti-HBc chanya na DNA hasi wawe kundi la nne, msiwatupe wala msiwachanganye. Na kumbuka wapo waliojificha ambao anti-HBc na anti-HBs (kingamwili dhidi ya HBsAg) zote ni hasi. Mpango wenu wa sasa hauwezi kuwaona.

Hesabu ya idadi ifanyike mapema. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba 1 kati ya 20 wa anti-HBc chanya atakutwa na DNA. Kupata 40 utahitaji kupima 800. Hiyo ndiyo gharama halisi ya utafiti. Saitokini ni nyongeza.

HBsAg isipimwe kwa kipimo cha haraka pekee. Tumia ELISA inayofika karibu 0.05 IU kwa mL, la sivyo baadhi ya "waliojificha" wako watakuwa sugu wa kawaida waliokoswa na kipimo dhaifu. Vilevile, ukikuta HBsAg hasi huku DNA ni 20,000, huyo si aliyejificha wa kweli. Fikiria mabadiliko kwenye jini la S, linalotengeneza HBsAg (G145R ndiyo maarufu), yanayofanya kingamwili za kipimo zisiikamate antijeni. Fikiria pia maambukizi mapya ambayo HBsAg haijachomoza, na rudia baada ya miezi kadhaa.

Kwenye PCR, tatizo ni ujazo. Chukua mtu mwenye 10 IU kwa mL. Ukichuja DNA kutoka µL 200 za plazima, umeingiza 2 IU. Ukaitoa kwenye µL 50 na kutumia 10 tu, kwenye mchanganyiko wako mna 0.4 IU, yaani nakala kama mbili za kirusi (IU 1 ni nakala kama 5). Leo chanya, kesho hasi, mashine haina kosa. Chuja mL 1 nzima, toa kwa µL 50, na hapo unaingiza nakala kama 10. Pima angalau maeneo mawili ya jenomu, kwa mfano S na X au S na C, na mtu ahesabiwe chanya yanapoitika mawili. Kama mtatumia PCR ya hatua mbili, tyubu ya hatua ya kwanza isifunguliwe kwenye chumba cha kuchanganyia vitendanishi. Kila sampuli 8 weka moja ya maji inayopita hatua zote kuanzia uchujaji. Maji yakitoa mstari, kundi zima linarudiwa. Msiondoe ile moja tu.

Mtego mwingine ni dawa. Mtu anayeishi na VVU akiwa kwenye TLD (kidonge cha VVU) anameza tenofovir na lamivudini, na zote mbili zinakandamiza homa ya ini B. DNA yake ya chini haitokani na kinga. Wachangia damu huchujwa VVU, ila mkiongeza washiriki kutoka kliniki, kumbukeni hilo.

Na wasio na maambukizi: chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Ukiokota vijana wa chuo kama kundi la kulinganisha, wengi watakuwa waliochanjwa wachanga, huku wagonjwa wako wakiwa na miaka 40. Umri peke yake unabadilisha IL-6. Linganisha umri na jinsia, na uandike anti-HBs ya kila mmoja.

Hili dogo: HBsAg chanya mara moja haifanyi mtu kuwa sugu. Waiteni tena baada ya miezi 6 na mpime upya.

---

Friza80 alijibu:

Sampuli sasa. Nashauri muache seramu, mchukue plazima ya EDTA (kizuia kuganda). Damu inapoganda kwenye tyubu ya seramu, chembe sahani zinapasuka na kumwaga TGF-β yake, nyingi kuliko ile iliyokuwa ikizunguka mwilini. Utakuwa umepima kuganda kwa damu. Heparini, kizuia kuganda kingine, nayo inazuia PCR, kwa hiyo isitumike kwenye sampuli mtakayochuja DNA.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na barabara ile hamjui itawachelewesha kiasi gani. Damu nzima isisafiri. Seli zilizo hai ndani ya tyubu zinaendelea kutoa IL-6 na saitokini nyingine njia nzima. Zungusheni palepale Arusha, ndani ya saa 1 tangu kuchoma: 1,500 g kwa dakika 15. Namba hiyo ni g, si mizunguko kwa dakika. Kwenye sentrifuji yenye rota ya nusu kipenyo sm 15, mizunguko 3,000 inakupa takribani 1,500 g; kwenye ya sm 10 mizunguko ileile inakupa 1,000 tu. Vituo vitatu vyenye mashine tatu tofauti vikiandikiwa "3,000" vitatoa plazima tatu tofauti, na baadaye mtadhani watu wa Hai wana kinga ya aina yake.

Chota plazima ya juu, acha nusu sentimita juu ya tabaka la seli nyeupe. Kwa sehemu ya TGF-β zungusha tena 10,000 g kwa dakika 10 kuondoa chembe sahani zilizobaki. Kisha gawa. ELISA nyingi zinataka µL 100 kwa kisima, na kila sampuli visima viwili, hivyo µL 250 kwa kila saitokini, vichupa vitano. Ongeza mL 1 ya PCR na mL 0.5 ya akiba: jumla mL 2.75. Mililita 10 za damu zinatosha bila kukwaruza chini ya tyubu, na tyubu ndogo ya pili iwe ya HBsAg, anti-HBc, anti-HBs na ALT. Kila kichupa kinayeyushwa mara moja tu. Kilichoyeyuka hakirudi kwenye friza kusubiri saitokini nyingine.

Kutoka Arusha visafiri vikiwa vimeganda, kwenye barafu kavu. Kama haipatikani siku hiyo, plazima iliyokwisha kutenganishwa ni bora isafiri nyuzi 4 na kugandishwa Moshi siku hiyohiyo kuliko kugandishwa nusu na kuyeyuka njiani. Utaratibu wowote mtakaochagua, uwe uleule kwa makundi yote. Sampuli za wagonjwa zikitoka Arusha zote na za wazima Moshi zote, hakuna takwimu itakayowaokoa.

TGF-β kwenye plazima imefungwa. Bila kuifungua kwa asidi (HCl 1 N kwa dakika 10, kisha kuituliza kwa NaOH yenye HEPES) utasoma sifuri au uongo. Ujazo fuateni karatasi ya watengenezaji.

Mpangilio wa sahani: visima 96. Viwango saba na tupu moja, kila kimoja mara mbili, ni visima 16. Sampuli mbili za udhibiti, visima 4. Vinabaki 76, yaani watu 38. Makundi matatu ya watu 40 ni 120, hivyo mtahitaji sahani nne kwa kila saitokini, ya nne ikiwa na watu 6 tu. Mkikubali 38 kila kundi, sahani tatu zinatosha kabisa. Mkiongeza kundi la nne, ni sahani nne zilizojaa. Kila sahani iwe na watu wa makundi yote, na anayepima asijue nani ni nani. Visima viwili vya mtu mmoja vikipishana zaidi ya 15%, rudia.

Chukueni damu asubuhi, saa 2 hadi saa 4, maana IL-6 hupanda na kushuka kwa saa. Siku hiyo pimeni malaria na CRP (kipimo cha uvimbe mwilini). Waulizeni kuhusu kichocho na mpime choo na mkojo, hasa kwa wanaotoka mashamba ya mpunga ya ukanda wa chini wa Moshi. Minyoo inapandisha IL-10 kwa nguvu, na mtaisingizia homa ya ini.

---

PipetiMoshi aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nimebadilisha kuwa plazima, na kundi la nne nimeliongeza. Mawili yamebaki. Wale watakaokuwa chini ya kiwango cha chini, niwaandikie sifuri? Na kama damu haitoi picha ya ini, kuna njia ya kuona IFN-γ ya seli T zenyewe bila kuwa na maabara kubwa?

---

TakwimuArusha alijibu:

Sifuri hapana. "Chini ya kiwango" maana yake ipo kati ya sifuri na kile kiwango, hatujui wapi. Ukiweka sifuri halafu ukachukua wastani, umezua namba. Wakiwa wachache, tumia vipimo vya mpangilio wa nafasi, Kruskal–Wallis kwa makundi yote kisha Mann–Whitney kwa jozi, ukiwapa wote wa chini nafasi moja. Wakizidi nusu ya kundi, badilisha swali: saitokini ilisomeka au haikusomeka, kisha linganisha uwiano. Ripoti mediani na robo zake, kwa sababu mtu mmoja mwenye IL-6 ya 300 atavuta wastani wa kundi zima.

Saitokini tano kwa jozi tatu ni milinganisho 15. Ukitumia 0.05 kwa kila mmoja, na ikiwa haitegemeani, nafasi ya kupata angalau "tofauti" moja ya bahati tu ni zaidi ya nusu. Kwa makundi manne jozi ni sita, milinganisho 30. Chagueni saitokini moja na jozi moja ya msingi kabla ya kuanza, iandikwe kwenye pendekezo; nyingine ziwe za uchunguzi.

Kuhusu seli T: njia nyepesi ni damu nzima ya heparini, tyubu ya pekee. Weka mL 1 kwenye kila kisima kati ya vitatu: kimoja bila kitu, kimoja na mchanganyiko wa peptidi za kiini cha kirusi (core), µg 1 hadi 2 kwa mL ya kila peptidi, cha tatu PHA (kichocheo kinachoamsha seli T zote). Nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24, zungusha, pima IFN-γ kwenye majimaji ya juu, toa ile ya kisima kitupu. Ianze ndani ya saa chache tangu kuchoma, kwa hiyo fanyeni kwa washiriki wa Moshi pekee. PHA isipojibu, seli zilikufa na matokeo ya mtu huyo hayasomwi. Kwa wagonjwa sugu jibu la peptidi litakuwa dogo sana, pengine halionekani bila kukuza seli siku 10 kwanza. Udogo huo si kasoro ya kipimo.

---

DaktariNgarenaro alijibu:

Kuhusu kuchuja wachangia damu kwa saitokini: hapana, dada. IL-10 ya mtu mwenye minyoo, IL-6 ya mwenye mafua na ya mwenye homa ya ini zinapishana mno. Saitokini haimtaji kirusi kwa jina, DNA inamtaja. Tafadhali msiandike matumaini hayo kwenye pendekezo, mtu atayashika.

Ila matokeo yenu yana kazi wodini. Kama kinga, saitokini zikiwemo, ndiyo inayomfunga kirusi, basi tukiishusha anafunguka, na hilo linatokea kweli. Mgonjwa wa HBsAg hasi, anti-HBc chanya, anayepewa rituximab (dawa inayoua seli B za kinga) kwa limfoma anaweza kuamshiwa kirusi na kufa kwa ini. Dawa zinazozuia TNF zina hatari hiyo pia, ndogo zaidi kwa mwenye HBsAg hasi. Kwa hiyo anti-HBc ipimwe kabla ya dawa hizo, isiwe HBsAg pekee. Kwa rituximab, tenofovir au entekaviri inaanza kabla au pamoja na dozi ya kwanza, na inaendelea miezi 18 baada ya dozi ya mwisho. Kisha ALT na DNA zifuatiliwe mwaka mmoja zaidi, kwa sababu kirusi mara nyingi huamka baada ya kinga ya dawa kusimamishwa.

Kwenye fomu ya ridhaa andikeni wazi mshiriki atarudishiwa nini. HBsAg, anti-HBc, DNA na ALT arudishiwe, na mwenye HBsAg apelekwe kliniki akiwa na karatasi mkononi. Aliyejificha apewe kadi inayosema "anti-HBc chanya, DNA imeonekana, mjulishe daktari kabla ya dawa yoyote ya kushusha kinga", na aambiwe asichangie damu. Namba za saitokini zibaki kwenye utafiti. Ukimpa mtu karatasi inayosema IL-10 yake ni 14, atazunguka nayo hospitali zote za Arusha akitafuta dawa ya kuishusha.

---

PipetiMoshi aliandika:

Nimeelewa, daktari. Kadi nitaiweka kama kiambatisho cha fomu ya ridhaa. Friza80, vile vichupa vya akiba vya mL 0.5, nivigawe viwili vya 0.25?

---

Friza80 alijibu:

Ndiyo, viwili. Na lebo iwe ya kuhimili baridi, iandikwe kabla ya kugandisha. Kalamu ya kawaida inafutika kwenye nyuzi -80 ukikishika tu kichupa.